Uliza Fundi: Kioo kipya, na kamera haijui mbele ni wapi

SWALI: Fundi, hujambo. Nina Toyota Fielder ya 2017 niliyoinunua kwenye yadi ya Ngong Road. Juzi nikitoka Machakos, lori la kokoto lilinirushia jiwe nilipokaribia Athi River, kioo cha mbele kikapasuka kutoka pembeni hadi katikati. Bima ililipa na kioo kikabadilishwa hapa mjini. Tangu siku hiyo kuna taa ya manjano kwenye dashibodi pamoja na maandishi ya Kijapani. Mwanangu aliyapiga picha kwa simu, simu ikatafsiri kuwa kamera ya mbele ina hitilafu. Aliyenibadilishia kioo anasema taa itazima yenyewe nikizidi kuendesha. Fundi wa mtaani kwetu anasema ataifuta kwa kimashine chake dakika tano. Wa tatu anashikilia kwamba lazima kamera isetiwe upya, na pesa anazoitisha, kwa mshahara wa mwalimu, si mchezo. Gari linakwenda vizuri tu na breki zinashika. Nimwamini nani?
– Mwalimu, Umoja

JIBU: Mwalimu, mwamini huyo wa tatu, ila usimlipe bado.

Kwanza nikutoe hofu. Breki za mguu hazihusiki na taa hiyo, ndiyo maana gari linasimama ukilisimamisha. Kilichojitoa kazini ni lile kasha jeusi lililo nyuma ya kioo cha katikati, kile cha kutazamia nyuma. Fielder zilizokuja na mfumo wa Toyota Safety Sense C, ulioanza 2015, zina kamera moja na leza ndani ya kasha hilo. Kamera inasoma mistari ya barabara na taa za magari usiku. Leza inapima umbali wa gari lililo mbele. Vikishirikiana vinakupigia kengele ukilikaribia gari kwa kasi, na ukichelewa vinakanyaga breki kwa niaba yako, ukiwa katika mwendo wa kama kilomita 10 hadi 80 kwa saa. Vinakuonya pia gari likianza kutoka kwenye leni bila indiketa, na usiku vinateremsha taa kubwa. Mfumo huo ulipotoka uliundwa kuona magari, si watu. Kwa hiyo hata ukiwa mzima kabisa, usitarajie umwone kijana anayekimbia kuvuka Outer Ring Road.

Sasa, kioo kinaingiaje hapo? Kasha hilo limeshikwa na kishikio kilichogandishwa kwenye kioo chenyewe. Kioo kilipotolewa, kishikio kilitoka nacho, na cha leo ni kingine. Fundi wa vioo akipaka gundi nene kidogo upande wa juu kuliko wa chini, kioo kinalala tofauti na kile cha kiwandani, na kwa macho huoni kitu. Kamera inaona. Chukua kalkuleta ya darasani: kamera ikipinda digrii moja tu, kitu kilicho mita 100 mbele kinahama mita 1.75. Leni ya barabara kuu ina upana wa kama mita 3.5. Yaani lori lililotulia kwenye leni ya jirani, kamera yako inaweza kuliona limeingia nusu ya leni yako, au gari lililo mbele yako kabisa ikalihesabu kuwa la jirani. Mtu akikuambia “ni milimita tu hizo,” mpe hesabu hiyo.

Ndiyo maana sipendi neno kufuta. Taa inayowaka inakwambia mfumo umejizima na kwamba uendeshe kwa macho yako mwenyewe. Hapo hujadanganywa. Kimashine cha dakika tano kinafuta kumbukumbu ya kosa, hakigusi mahali kamera inapotazama. Taa ikirudi baada ya kilomita chache, umepoteza pesa kidogo. Isiporudi, shida ni kubwa zaidi, kwa sababu sasa una mfumo unaojiamini na wakati huohuo umepinda. Siku moja mfumo huo utafunga breki wenyewe kwenye Thika Road pasipo kitu mbele, na matatu iko nyuma yako. Kuna hata magari ambayo hayawashi taa yoyote baada ya kioo kubadilishwa, kwa sababu kamera haina namna ya kujua kwamba kioo ni kipya. Wenye magari hayo hawaniandikii barua, na ndio wanaonitia wasiwasi kuliko wewe.

Mbona basi nikasema usilipe? Kwa sababu taa hiyo huwashwa na mambo zaidi ya moja. Mwambie fundi achomeke mashine ya kusomea gari kwenye tundu lililo chini ya usukani, akusomee kosa mbele yako na akuandikie kwenye karatasi. Huenda kamera haijaelekezwa. Huenda haiongei na kompyuta ya gari, na hiyo mara nyingi ni soketi iliyosukumwa nusunusu ikaachwa bila kulia tik. Au imezibwa. Hivi karibuni niliteremsha kifuniko cha kamera ya gari la mteja aliyekuja na taa kama yako, nikakuta alama ya kidole gumba katikati ya dirisha la kamera, upande wa ndani wa kioo, na utandu wa gundi umeizunguka. Kitambaa safi na spiriti kidogo viliondoa utandu, na taa ikazima. Mwingine alikuwa amebandika utepe wa jina la kanisa lake juu ya kioo kipya, na herufi moja kubwa imekaa mbele ya lenzi kama imepimwa. Mambo kama hayo yanatatuliwa bila kuuza mbuzi. Lakini hata kosa likiwa soketi au uchafu, kalibresheni, yaani kuielekeza kamera upya, bado inadaiwa, maana kioo kimebadilishwa. Tofauti ni kwamba utakuwa unajua unacholipia.

Kazi yenyewe ukiisimamia iko hivi. Gari linaegeshwa kwenye sakafu iliyosawazishwa kwa pimamaji, si kwenye changarawe. Upepo wa tairi unajazwa kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, buti linatolewa mizigo, usukani unanyooshwa, na betri inaunganishwa na chaja kwa sababu umeme ukishuka katikati mnaanza upya. Halafu inakuja sehemu ambayo vijana wengi huiruka. Mimi nateremsha timazi kutoka katikati ya nembo ya mbele, nasubiri itulie, naweka alama ya chaki sakafuni. Nakwenda nyuma narudia. Uzi unavutwa juu ya alama hizo mbili na kuendelea mbele ya gari. Huo ndio mstari wa katikati. Ubao wenye michoro ya weusi na weupe unasimamishwa juu ya mstari, kwa umbali na kimo alivyoandika mtengenezaji wa gari hilo, kwa rula ya chuma, si kwa hatua za miguu. Ndipo mashine inaiambia kamera: mbele ni hapa. Amri yenyewe haichukui muda. Sakafu na uzi ndivyo vinavyokula asubuhi yako, na ndivyo unavyolipia.

Angalia mwanga pia. Gereji zetu nyingi zimeezekwa mabati, na bati lenye tundu la msumari linaangusha doa la jua juu ya ubao. Kamera ikikuta doa jeupe mahali palipopaswa kuwa peusi, inakataa. Nimewaona mafundi wakiilaani mashine, wakabadilisha waya, wakapiga simu kwa aliyewauzia, kumbe adui yuko paani.

Magari mengine hayataki ubao, yanataka barabara, na mengine yanataka vyote viwili. Hapo mashine inachomekwa, mmoja anaendesha na mwenzake anatazama skrini, hadi kamera iridhike na mistari iliyoiona. Nairobi hilo ni jambo la kuchagua saa na njia. Mombasa Road saa kumi na moja jioni hupati mwendo, na mitaani rangi ya barabara ilishafutika. Expressway iliyofunguliwa 2022 ina mistari inayoonekana na unaruhusiwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa. Jumapili asubuhi kusipokuwa na mvua, pananifaa sana. Southern Bypass nayo inafaa mradi malori yasikuzibe pande zote. Huenda aliyekuambia taa itazima ukizidi kuendesha alisikia habari za magari ya namna hii. Hakuambiwa kwamba kwa kawaida hayaanzi kujifunza mpaka mashine iyaamrishe.

Nikuulize nawe swali: Fielder hiyo uliiinua? Wengi mkitoka yadi mnapita moja kwa moja kuweka spesa kwa sababu ya matuta ya mtaani. Ukiinua mbele bila nyuma, au nyuma bila mbele, umebadilisha pembe ya kamera hata kama kioo ni kilekile cha Japani. Mwambie fundi mapema, na kama springi za nyuma zimelala kwa sababu ya mizigo zirekebishwe kwanza. Vivyo hivyo alainimenti: ifanywe kabla ya kamera. Ukiifanya baada yake unaweza kulipa mara mbili.

Kuhusu pesa, rudi kwa wakala wako wa bima kabla ya kutoa mfukoni. Sera ya komprehensivu yenye kipengele cha kioo huwa na kikomo cha malipo kilichoandikwa, soma chako. Mweleze kwamba kwa gari hili kuelekeza kamera ni sehemu ya kubadilisha kioo, kama gundi ilivyo sehemu yake, na umpe ile karatasi ya kosa. Wakigoma, muulize aliyefunga kioo mbona hakukutajia jambo hilo kabla ya kukata kile cha zamani. Na yeyote atakayeifanya kazi hiyo, usikubali risiti ya mkono peke yake. Mashine hizi hutoa ripoti yenye namba ya chesisi ya gari lako na matokeo kabla na baada. Hiyo ndiyo unayoweka kwenye faili pamoja na logibuku.

Jambo la mwisho, maana nakujua msomaji wangu: ukishalipa usiende kulijaribu gari kwa kulielekeza kwenye boksi au kwenye ukuta wa shule. Mfumo umeundwa kutambua gari, na boksi si gari. Utaligonga, na utaniandikia tena.

SWALI: Shikamoo Fundi. Kioo cha Forester yangu ya 2018 kimepata ufa mrefu. Nimepewa bei mbili. Moja ni kioo kilichotolewa kwenye Forester iliyopata ajali, naambiwa ni cha Japani halisi. Nyingine ni kioo kipya cha bei nafuu ambacho muuzaji anasema kinaingia Forester zote za mwaka huo. Gari langu lina kamera mbili juu. Nichukue kipi?
– Msomaji, Ruaka

JIBU: Marahaba. Kuingia si kufaa. Forester za umbo hilo ziko zenye EyeSight, ule mfumo wa Subaru wa kamera mbili, na zisizo nayo, na kioo cha aina zote mbili kinaweza kukaa vizuri kwenye fremu moja. Kinachotofautiana ni ile sehemu ambayo kamera zinachungulia.

Subaru walianza kuuza EyeSight nchini Japani mwaka 2008, na tangu hapo wanategemea kamera mbili, moja kila upande wa kioo cha katikati. Kila kamera inaona gari la mbele kutoka pembe yake, na kompyuta inapata umbali kwa kulinganisha picha hizo mbili. Ujanja huo unategemea picha zote mbili kuwa safi kwa kiwango kilekile. Kioo cha bei nafuu kikiwa na wimbi kidogo upande mmoja, wewe huhisi chochote, lakini umbali unaopigiwa hesabu unaweza kwenda kombo. Simama nje, inamisha kichwa, tazama mstari wa ukuta kupitia sehemu ya juu ya kioo ukijongea polepole kushoto na kulia. Mstari ukicheza, kirudishe kwa muuzaji hapohapo dukani.

Hicho cha ajali nacho nakihofia, ingawa si kwa sababu ni cha zamani. Kioo kilichogandishwa hakitoki kwa hiari. Kinakatwa kwa waya au kisu, na ukingo wake hupata vijeraha visivyoonekana ambavyo huja kuwa ufa ukishagonga shimo la kwanza. Pitisha ukucha kwenye njia ya waipa pia. Ukihisi mikwaruzo, kila taa ya gari linalokuja usiku itatawanyika mbele ya kamera zako, na ya macho yako pia. Na gari lenyewe liligongwa, hujui kioo kilipokea nini.

Ningekuwa wewe ningeagiza kioo kipya kilichotengenezwa kwa Forester yenye EyeSight, nikaagiza kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari na mwaka. Linganisha alama zilizochapwa kwenye kona ya kioo cha sasa na za hicho kipya kabla cha zamani hakijakatwa. Kitakuwa ghali na huenda ukakisubiri. Ufa ukiwa haujafika mbele ya kamera wala mbele ya macho yako, kusubiri kidogo kunawezekana, mradi usiende safari ndefu.

Siku ya kufunga, muulize fundi gundi yake inahitaji saa ngapi kabla gari halijatoka gereji. Jibu limeandikwa kwenye pakiti na hutegemea aina ya gundi na hali ya hewa. Hili si suala la maji kuvuja tu. Mfuko wa hewa wa abiria ukifyatuka huegemea kioo hicho ndipo umgeukie mtu, na kioo ambacho gundi haijashika kitasukumwa nje.

Baada ya hapo kamera zinasetiwa kwa ubao, kama nilivyomweleza Mwalimu. Na ondoa lile zulia jeupe la manyoya kwenye dashibodi, kama unalo. Linarudisha mwanga kwenye kioo, mwanga unaingia kwenye kamera, na mfumo unajizima mchana kweupe huku ukidhani umeharibika tena. Nimeshawarudisha watu nyumbani bila kuwatoza kitu, zulia likiwa mkononi.

SWALI: Fundi, mimi ni dereva wa teksi, naendesha Nissan Note ya 2018. Jiwe limeacha kitundu kama punje ya mahindi, chini kidogo ya pale penye kamera. Kuna vijana wa kuziba kwa gundi ya sindano. Nikizibe au nibadilishe kioo chote? Na nikiziba, nayo inahitaji kuseti kamera?
– Dereva, South B

JIBU: Ndugu yangu, inategemea hiyo “chini kidogo.” Toka nje ya gari, tazama kile kidirisha kisicho na rangi nyeusi ambacho lenzi inachungulia. Kitundu kikiwa nje yake, na hakijaanza kutoa miguu, ziba. Kamera haijaguswa wala haijafunguliwa, kwa hiyo hakuna cha kuseti.

Kikiwa ndani ya kidirisha, usizibe. Gundi hiyo hujaza tundu lakini haiwi kioo. Huacha kidoa kinachopindisha mwanga. Macho yako yanakizoea siku ya pili, kamera haizoei. Hapo ni kioo kizima, pamoja na kalibresheni, na najua unahesabu siku za kutokuwa kazini. Usiruhusu mtu akuzimie mfumo ili uendelee na kazi bila taa kuonekana. Kile kitufe cha kuuzima kipo, ila katika magari mengi ukizima injini na kuwasha tena unarudi wenyewe.

Ukiamua kuziba, fanya leo. Usimwage maji baridi juu ya kioo kilichopigwa na jua, usielekeze hita hapo asubuhi ya baridi, na bandika kipande cha selotepu safi juu ya kitundu mpaka ufike kwa vijana, hakikisha tu kwamba hakifuniki kidirisha. Vumbi na maji ya mvua vikishaingia ndani ya tundu, gundi haishiki.